Mke Mwenza wa Chuma

Tanga, 9 Februari 1908

Mke wangu Bi Zamda,

Salamu nyingi kutoka kwangu, na nyingine uwafikishie mama na majirani zetu wote hapo nyuma ya boma. Mimi ni mzima. Msafara wa ngozi ulifika salama, miguu ilivimba lakini sasa imekaa sawa.

Ile kazi ya uhunzi kwenye reli niliyoifuata nimeikosa, ila nimepata nyingine. Kuna manowari ndogo ya doria imeletwa kutoka Ulaya, ina miezi michache tu kwenye maji yetu. Wadachi wameipa jina la bibi wa kwao, Matilda, na sisi mabaharia ndivyo tunavyoiita. Kazi yake ni kushika pwani yote kutoka Tanga hadi Ruvuma, kuwakamata wanaoingiza baruti na bunduki kwa siri. Mimi ni mchochea moto, chini kabisa, kwenye tanuri.

Zamda, laiti ungemwona! Mweupe wote, dohani moja, na mzinga wa shaba na chuma umekaa mbele kifuani. Siku ya kwanza bwana fundi alinipa koleo nimtie makaa ya mawe. Alitetemeka kidogo, akakohoa, halafu akaanza kuguruma taratibu hadi nikausikia mgurumo ndani ya mbavu zangu. Nimefua chuma tangu utoto, sikuwahi kusikia chuma kikihema. Akiwa na njaa najua, akishiba najua. Bwana fundi mwenyewe kasema nina sikio.

Mkataba ni wa miaka miwili. Ukiisha narudi Arusha, tunafungua kiwanda chetu cha uhunzi pale karibu na mto. Nimekuahidi na Mungu ni shahidi.

Wako,
Hatibu


Arusha, 20 Aprili 1908

Kwa mume wangu Hatibu,

Barua imefika. Nimeisoma mara moja peke yangu, na mara ya pili nimemsomea Nanyori, yule mama wa Kiarusha anayetuletea maziwa kutoka Olmotonyi. Mimi nimo kwenye salamu. Matilda yumo kwenye barua.

Nanyori kanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyu mke mdogo amekuja na ng'ombe wangapi?" Nikamwambia si mtu, ni chombo cha chuma kinachokwenda juu ya maji. Akafikiri, akasema, "Kwetu wake wenza hupeana mnyama, ndipo wanaishi kwa amani. Mwambie mumeo huyo wa chuma akuletee kitu." Majirani waliokuwapo wakacheka na mimi nikacheka, lakini alipoondoka sikucheka tena. Hatibu, hujawahi kuniandika mimi hivyo. Siku nilipougua homa uliniuliza, "Umekula?" ukaenda zako kufua majembe. Leo unajua njaa ya chombo cha Wadachi!

Ninaona wivu. Nakuandikia waziwazi usije ukasema sikukuambia.

Mvua za Meru zimeanguka za kutisha na paa la chumbani likavuja. Athumani, yule mfanyabiashara wa ngozi wa Ngaramtoni, alipita akaona, akapanda mwenyewe kuezeka. Kazi nzuri sana.

Mkeo wa pili,
Zamda


Lindi, 3 Septemba 1908

Bi Zamda,

Acha utani wa "mkeo wa pili". Matilda ni kazi, na kazi ndiyo inayokulisha.

Athumani ana biashara gani juu ya paa langu? Hana paa lake? Ngaramtoni kote hakuna nyumba inayovuja isipokuwa ya Hatibu? Na alipokuwa juu, wewe ulikuwa wapi? Ulimshikia ngazi? Nijibu hili kabla ya mengine yote.

Mwezi uliopita tulikimbizana na wauza baruti mchana kutwa, kusini huko. Walikuwa na upepo mzuri na sisi tulikuwa na makaa mabovu yanayotoa moshi tu. Bwana fundi alikata tamaa, mimi sikukata. Nilimlisha Matilda kidogo kidogo huku namsemesha, na alasiri tukawafikia. Mzinga ulilia mara moja tu, nao wakatua tanga. Serahangi wetu, mkuu wa mabaharia, aliniita juu sitahani nione, akaniambia, "Hii ni ya kwako." Nililia machozi, Zamda, na sioni haya kukuambia.

Nanyori kasema mke mwenza alete zawadi. Haya basi. Nakutumia kopo lake la mafuta, la shaba tupu, lenye mdomo mrefu kama wa korongo. Walikuwa wanalitupa kwa kuwa mpini umelegea, nikaukaza. Jazia taa yako nalo umkumbuke kwa wema.

Na lile swali la ngazi bado nalingojea.

Mumeo,
Hatibu


Arusha, 11 Juni 1910

Hatibu,

Salamu utaziongeza mwenyewe.

Mkataba wako ulikwisha Februari. Mwezi ule nilipaka chokaa kuta na kushona godoro upya. Machi nikasema njia ina matope. Aprili nikasema labda anaumwa, nikawa siwezi kula. Jana kaja mpagazi kutoka Tanga, namuuliza habari zako, ananiambia huku anatafuna muwa, "Hatibu? Ametia sahihi tena, tangu mwaka jana. Amekuwa mkubwa wa wachochea moto." Tangu mwaka jana! Ulikwisha kuniacha, na mimi huku nashona godoro.

Ungekuwa umeoa mwanamke wa Tanga ningejua la kufanya. Ningeteremka, ningemwona sura, ningemsema mbele ya watu, na watu wangenipa haki yangu. Huyu nitamfanya nini? Hazeeki. Kila mwaka mnampaka rangi. Hana mama wa kumshtakia.

Ngazi niliishika mimi, kwa mikono miwili. Sasa umejibiwa.

Zamda


Dar es Salaam, 30 Julai 1910

Bi Zamda mke wangu,

Nimekosa. Nilitaka kukuambia katika kila barua, na kila nikishika kalamu naiona sura yako, naandika habari za hali ya hewa.

Nielewe lakini. Mwaka jana tauni iliingia bandarini, Matilda akawekwa mlangoni mwa bahari kuzuia kila chombo kisishushe watu. Wachochea moto wenzangu wawili walikufa. Baadaye akapandishwa nchi kavu kukwanguliwa tumbo na kubadilishwa mabomba. Walikuja mafundi wageni wanampigapiga nyundo ovyo. Ningeondoka vipi? Nani mwingine anajua kwamba bomba lake la kushoto huvuja akigeuka ghafla?

Njoo Tanga. Nimepata chumba kizuri, kina dirisha. Toka dirishani utatuona tukiingia na tukitoka.

Hatibu


Arusha, 2 Oktoba 1910

Hatibu,

Mama yangu hawezi tena kusimama bila kushikwa, na huyu simwachi. Hata angekuwa mzima nisingekuja. Nikae dirishani nimtazame mke mwenzangu anapita na mume wangu tumboni mwake? Unaniona mimi ni mtu wa namna gani?

Chumba hicho mpangishe mwingine.

Zamda


Arusha, 15 Oktoba 1912

Kwa Hatibu,

Umefika Tanga salama, nimesikia. Reli imefika Moshi na sasa mtu anakuja kwetu upesi na kuondoka upesi zaidi.

Nilifurahi ulipokuja mwezi wa Ramadhani. Nilikuandikia mengi mabaya, lakini nilipokuona umesimama mlangoni na mvi mbili ndevuni, yote yalinitoka. Nilipika kila ulichokitaja. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa bado yu hai, akaniambia, "Sasa mtulize mumeo."

Nimeshindwa kukutuliza. Tukifuturu unanyamaza, umeinamisha kichwa. Tukizungumza, katikati ya neno umekwisha kwenda. Nikakuuliza, "Unasikiliza nini?" Ukanijibu bila hata kufikiri, "Hakuna mlio." Ukalala ukigaagaa kwa sababu nyumba yangu haina mgurumo. Mimi nilikuwa pale, Hatibu, ubavuni mwako, nahema. Huo mlio haukutosha?

Ukija tena, usije kabla hujaacha kumsikiliza.

Zamda


Mahali nisiporuhusiwa kupataja, 6 Mei 1915

Zamda wangu,

Sijui kama barua hii itafika. Vita imefunga njia zote.

Siku vita ilipotangazwa walimpaka Matilda rangi ya majivu. Hana weupe tena. Alipigana mara mbili na akatobolewa juu ya maji, tukamwingiza kwenye kijito cha mikoko tukamfunika kwa matawi, hata ndege wanatua juu yake. Hana makaa. Namlisha kuni za mikoko na anatapika moshi mweusi. Manowari za Waingereza zinamtafuta nje kila siku.

Hapa chini kuna joto na mbu na muda mwingi wa kufikiri. Nilikuwa na mke anahema ubavuni na mimi nikamwambia hakuna mlio. Nikitoka hapa narudi nyumbani, na safari hii sitii sahihi popote.

Hatibu


Moshi, 8 Novemba 1915

Kwa Bi Zamda, mtu wa heshima,

Salamu. Mimi ni Athumani. Ningependa kuja mwenyewe kukuambia hili, lakini mzigo wangu wa ngozi umezuiwa hapa stesheni na sitaki ulisikie kwa wapita njia.

Wamefika askari kutoka pwani. Wanasema Matilda ameteketea kijitoni, Waingereza walimpata. Waliokuwa juu walirukia mikoko. Wachochea moto hawakuonekana. Nimemuuliza kila mmoja peke yake na maneno yao ni mamoja.

Mungu akupe subira. Najua eda ina heshima zake na mimi sitakanyaga mlangoni kwako mpaka itimie. Ikiisha, ukihitaji mtu kwa jambo lolote, la paa au jingine, nipo.

Athumani


Boma la Arusha, 18 Februari 1916

Zamda,

Ndiyo, ni mwandiko wangu. Mimi si maiti, ingawa nimeona kwamba maiti ingekufaa zaidi.

Kabla Matilda hajachomwa tulikwisha kumvua mzinga wake. Wakaniweka niende nao kwa kuwa nakijua chuma chake. Tumeuvuta matopeni, tukaupakia kwenye reli hadi Moshi, na kutoka hapo tukaufungia ng'ombe hadi hapa. Ndio uliobaki wa Matilda, huo tu. Nimefika jana na nikaja kwako moja kwa moja, vumbi likiwa bado mwilini.

Nikakuta nini? Mlango umerudishwa. Kizingitini kuna viatu, na viatu ni vyangu! Vile vya ngozi ya nyati nilivyoviacha chini ya kitanda, kisigino cha kulia nilikitia msumari mwenyewe. Ndani kuna sauti ya mwanamume, ya chini, ya mtu aliyezoea mahali. Nilisimama. Nilitaka kuupiga mlango teke. Nikaona nisijivunjie heshima kwa watu wanaovaa viatu vya wenzao.

Mwambie Athumani vimemkaa vizuri. Mimi nimerudi kwa Matilda. Kimebaki kipande tu, lakini hajawahi kumgawia mtu viatu vyangu.

Hatibu


Arusha, 19 Februari 1916

Kwa marehemu mume wangu Hatibu,

Nimekusoma. Wanawake waliokuwa nami ndani walipiga yowe, mmoja akazirai.

Yule uliyemsikia ni maalim wa chuo cha Kurani, yule mzee aliyetufungisha ndoa mimi na wewe. Huja kila Alhamisi jioni kukusomea Yasini, anakaa sebuleni na mimi niko nyuma ya pazia. Viatu nilimpa mimi. Nguo zako na viatu vyako nimevitoa sadaka kwa roho yako, kama mjane yeyote anavyofanya. Ungesogea hatua moja ungelisikia jina lako likiombewa. Uliona viatu ukajitungia mwanamume. Athumani hajaingia humu tangu habari ilipokuja, kwa heshima yako.

Miezi yote hii nimekaa eda. Sijajitia wanja, sijafukiza udi, nimevaa kaniki, sijautazama uso wangu kwenye kioo. Nimekulilia mpaka macho yameniuma. Nimekusamehe na Tanga, na mkataba, na ule usiku wa kugaagaa.

Barua yako ilipofika nilisimama nivue kaniki. Nilikuwa nimekwisha kufungua fundo, Hatibu, nije bomani mbio bila hata ushungi. Nanyori akaingia na kibuyu cha maziwa, akatuona tunalia na kucheka, akauliza kuna nini. Nikamwambia mume wangu yu hai, amefika juzi. Akaweka kibuyu chini taratibu. "Si juzi," akasema. "Jumatatu nilipeleka maziwa bomani nikamwona mtu mfano wake. Nikanyamaza, nikasema macho yananidanganya, nisimuumize mfiwa bure. Alikuwa anausugua ule mzinga mafuta kwa kitambaa, pole pole, kama mtu anayemwogesha mtoto."

Jumatatu. Kwangu umekuja Alhamisi, na ukaandika "moja kwa moja".

Nikafunga fundo langu tena. Maalim ananiambia eda hii haina maana na ndoa yetu iko palepale. Ya sheria nimeyasikia. Mimi namaliza eda yangu. Mume wangu alikufa kijitoni akiwa ananikumbuka, na huyo namlilia. Aliyeko bomani simjui.

Mjane wako,
Zamda


Ngaramtoni, 28 Machi 1916

Bi Zamda,

Ni Jumatatu, ni kweli. Nilisema uongo. Ng'ombe walikuwa wamelegea, gurudumu limepasuka, nikajiambia nitengeneze gurudumu kwanza, halafu nisafishe matope kwanza, halafu nipake mafuta kwanza. Hakuna aliyenizuia. Boma na nyumba yako ni mwendo wa kuchemsha chai. Niliogopa kukutazama, na kwa Matilda sijawahi kuogopa. Hiyo ndiyo kweli yote na ni aibu yangu.

Wadachi wameuacha mji, bila shaka umeona. Tuliuvuta mzinga barabara ya Kondoa, mvua ikatukuta, ukazama kwenye matope meusi hadi ekseli. Ng'ombe wawili walikufa hapo hapo. Waingereza walikuwa nyuma yetu. Bwana mkubwa akaamuru ujazwe baruti na mawe mdomoni, akanipa mimi utambi niuwashe, kwa kuwa ni wa kwangu. Niliuwasha. Mzinga ulipasuka ukabaki umechanua kama ganda la ndizi. Akaniambia, "Huna mzinga, huna kazi," wakaenda zao.

Basi, Matilda amekwisha. Miaka minane, kutoka siku alipoanza kuhema hadi tope la Kondoa, nimekuwa naye yote, na sasa sisikii kitu.

Nilirudi kwa miguu. Unajua nani kanipokea? Athumani. Kanipa chakula na mahali pa kulala, na hakuniuliza neno. Maalim naye alipita, akavua viatu akaniwekea miguuni, akasema sadaka ya maiti haivaliki kama maiti anakula wali. Nimevivaa.

Eda yako imekwisha. Najua Athumani anangoja na ni mtu mwema kuliko mimi. Lakini niruhusu nije. Niambie tu nije.

Hatibu


Arusha, 31 Machi 1916

Kwa Hatibu,

Eda yangu imekwisha wiki iliyopita. Nimeoga, nimefukiza udi, nimejitazama kwenye kioo na nimemkuta mtu mwenye mvi. Athumani nimemshukuru kwa wema wake na nimemwambia nina mume, na kwamba mume huyo bado yuko matangani. Akanielewa.

Pole kwa msiba, Hatibu. Naisema kwa moyo mmoja. Nilimchukia Matilda miaka minane, ila mke mwenza akifa haachwi bila kuzikwa. Pamoja na barua hii pokea kopo lake la mafuta. Rudi barabara ya Kondoa umfukie nalo, kwa mkono wako.

Kisha mkalie eda. Najua wanaume hamkai. Wewe utakaa, miezi minne na siku kumi, kama nilivyokukalia. Usiguse koleo, usifue chuma, usijipake mafuta, jina lake usilitaje mbele ya mtu. Kaa hapo Ngaramtoni penye ukimya, mpaka ukimya uache kukuuma.

Siku yako ikitimia, vaa viatu vyako uje upige hodi. Nitakuandalia chakula, na tutakaa, na sitakuuliza kitu. Nitakutazama tu kichwa. Ukikiinamisha kumsikiliza, nitajua, na nitakufungulia mlango utoke.

Usipokiinamisha, kiwanja cha uhunzi bado kipo pale karibu na mto.

Mkeo wa pekee,
Zamda